Diski Mpya ya Baba Mdogo

Skrubu zilikuwa zimejikusanya katikati ya kisosi kama punje nyeusi za mtama, na mama mdogo alikikinga kisosi hicho kwa viganja vyote viwili huku akimkazia macho paka.

"Paka huyu akimeza hata moja," alisema, "mimi simzalishi."

Mama mdogo alikuwa mkunga. Jumamosi hiyo hakuwa zamu, na badala ya kupumzika aliamua kuisimamia kazi yangu kana kwamba tuko wodini kwake. Juu ya meza ya kulia chakula tulitandika taulo, na juu ya taulo ililala kifudifudi laptopu ya baba mdogo, mgongo umefunuliwa, matumbo yote nje: betri pana, feni ndogo iliyovaa vumbi kama fulana ya sufu, nyaya nyembamba kama mishipa ya mkono. Pembeni, ndani ya kijumba chake cha bati, ilikuwapo diski iliyokufa.

"Kichwa kimeonekana?" mama mdogo aliuliza.

"Bado, mama. Kuna mkanda umekishika. Na nipishe mwanga!"

"Usivute! Tulia kwanza, vuta pumzi, halafu kizungushe taratibu."

Baba mdogo alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, kidevu kimeinuka kidogo kama ilivyo desturi yake anaposikiliza. Alicheka kwa pua. "Mwache mtoto afanye kazi. Hiyo ni mashine, haina uchungu."

"Mwenye uchungu ni wewe," mkewe alimjibu. "Tangu juzi unazunguka nyumba nzima kama mwanamume aliyefungiwa nje ya wodi."

Na hakuwa amemsingizia.

Baba mdogo alikuwa wakili, na alikuwa haoni. Homa iliyachukua macho yake akiwa mdogo mno kiasi kwamba hakuwa na kumbukumbu ya kuona, kwa hiyo kwake kutoona hakukuwa msiba uliompata. Ndivyo dunia ilivyokuwa, kama sisi wengine tusivyolala tukilia kwa kukosa mabawa. Alisoma, akaapishwa, akavaa joho lake, akagombana na mahakimu kama mawakili wenzake. Nyaraka zake alisomewa na laptopu. Ndani yake iliishi sauti ya mwanamke iliyosema upesi upesi, maneno yakigongana kama mahindi yanayopasuka kwenye sufuria lenye mfuniko, na hakuna mtu mwingine mle nyumbani aliyeambulia hata silabi. Mama mdogo alimpa mwanamke huyo jina la Bi Mdogo.

"Mimi Bi Mkubwa nikimwambia neno moja, hasikii," alikuwa akiwaambia wageni. "Bi Mdogo anamimina maneno kutwa nzima, na huyo anasikiliza kwa hedifoni, tena anatabasamu!"

Siku mbili kabla ya Jumamosi ile, Bi Mdogo alinyamaza katikati ya sentensi. Mashine ikaanza kugonga kwa ndani, ko, ko, ko, kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, kisha nayo ikanyamaza. Baba mdogo aliizima akaiwasha, akaizima akaiwasha. Mwishowe alivua hedifoni, akazikunja vizuri, akaziweka juu ya meza kama mtu anayemfumba marehemu macho.

Balaa ni kwamba Jumatatu alikuwa na kesi. Mteja wake alikuwa mwanamke muuza maua, aliyeuzia ndoo zake za waridi na mayungiyungi kwenye lango la hospitali tangu hospitali yenyewe haijapakwa rangi mara ya pili. Kampuni iliyopewa kazi ya kusimamia maegesho ya magari ikamwondoa, ikasema anaziba njia. Baba mdogo alikuwa ameichukua kesi hiyo kwa moyo wake wote, na hoja za mwisho, zile za kuandikwa na kukabidhiwa mahakamani, zilikuwa ndani ya diski iliyokuwa ikipiga kwikwi.

Wakili mwenzake wa ofisini alipiga simu jioni hiyo hiyo. Nilimsikia, maana alizoea kupayuka. "Nipe mimi hiyo kesi, kaka. Nitasimama badala yako. Watu wataelewa."

Baba mdogo alimshukuru kwa adabu zote, akakata simu. Kisha akazipapasa hedifoni zilizokunjwa.

"Watu wataelewa," alirudia hatimaye, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Nimefanya kazi maisha yangu yote ili watu wasipate cha kuelewa."

Fundi wake wa kompyuta alikuwa amesafiri kwenda kwenye harusi ya dada yake. Dukani alimwacha mkewe, naye alikubali kutuuzia diski mpya na flashi yenye mfumo wa kompyuta wa kupiga upya, yaani kuusakinisha, lakini bisibisi alisema hashiki ng'o. Ndipo nikasema, nikiwa nimesimama mlangoni na mfuko wa duka mkononi, "Mimi nitaibadilisha."

"Wewe?" waliuliza wote wawili kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti yake.

Mimi. Shuleni nilikuwa katika kile kikundi cha wanafunzi waliobaki darasani baada ya vipindi na mwalimu wa fizikia, tukifungua kompyuta kuukuu zilizotolewa msaada, tukizifunga, tukizifungua tena, mpaka skrubu zikaisha na kompyuta zikabaki zikishikiliwa na gundi ya karatasi. Nilizipenda kuliko nilivyopenda watu. Nilikuwa hata nimepata nafasi ya chuo kusomea kompyuta. Lakini hilo, katika nyumba ile, nilikuwa sijalisema.

Ngoja nieleze nilivyofika pale.

Nilipomaliza shule, bibi alipiga simu kwa ukoo mzima akatangaza kwamba mimi nakwenda kuwa macho ya baba mdogo. Maneno yenyewe yalikuwa hayo, na kila ndugu aliyanirudishia: macho ya baba mdogo. Shangazi zangu waliyasema huku wakinishika mabega. Mama yangu aliyasema huku akinikunjia nguo. Mpaka nafika kwenye ngazi za nyumba ile na sanduku langu, nilikuwa nimekwisha kuyapokea kama kiapo.

Na kiapo nikakitekeleza. Nilimshika mkono kwenda bafuni. Nilimtangazia mashimo ya barabarani kama kondakta anayetaja vituo. Siku ya kwanza tulipokuwa tukitoka nyumbani nilipiga kelele, "Ngazi!" naye akasimama, akanigeukia taratibu.

"Mwanangu," akasema, "ngazi hii na mimi tumejuana kabla mama yako hajaolewa."

Lakini hakunikataza. Jioni aliniacha nimsomee magazeti, nami niliyasoma kwa mbwembwe, nikiwapa mawaziri sauti nzito na wachezaji mpira sauti za puani. Alicheka. Nikajiambia, naam, hii ndiyo kazi niliyozaliwa kuifanya, na mtu haondoki na macho ya mwenzake mfukoni. Nikampigia mama, nikamwambia chuo kingoje mwaka mmoja, labda miwili. Mama alisema, "Kama umeamua." Sikuisikiliza vizuri sauti aliyosemea.

*

"Ametoka!" mama mdogo alishangilia.

Diski kuukuu ilikuwa kiganjani mwangu, nzito na baridi. Aliichukua, akaipindua, akaigonga mgongoni kwa kidole. "Hajalia," alisema kwa huzuni ya kuigiza, akaifunika na kitambaa cha meza.

Diski mpya ilikuwa nyepesi kama biskuti. Baba mdogo aliomba aishike. Aliipitishia kidole pembe zote nne, akaitikisa karibu na sikio.

"Haina kitu ndani kinachozunguka," alishangaa.

"Hizi mpya hazizunguki. Ndiyo maana hazichoki upesi."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," mama mdogo akatia neno. "Ngoja tuione kazi yake kwanza."

Niliisukuma mahali pake, ikaingia kwa mlio mdogo wa kuridhika. Nikarudisha mkanda, nikachomeka betri, nikafunika mgongo, nikaziomba skrubu kutoka kwa mlinzi wake mojamoja. Zilitosha zote; paka alikuwa hana hatia. Nikaigeuza laptopu, nikachomeka flashi ubavuni. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia kwa dirisha la jikoni likafika hadi ukingoni mwa taulo. Nilifunua kioo, nikabonyeza kitufe cha kuwashia, nikarudi nyuma kidogo kama mtu aliyewasha fataki.

Feni ikavuma. Kitaa kidogo cha kijani kikawaka ubavuni.

Kioo kikabaki cheusi tii.

Nilingoja. Nikaizima, nikangoja tena, nikaiwasha. Feni, kitaa, giza. Niliifungua upya, nikaichomoa diski, nikaipuliza, nikairudisha. Jasho lilinitoka mpaka bisibisi ikateleza. Giza. Nilijaribu kufikiri ni waya gani niliougusa bila kujua, nikakumbuka kwamba niligusa zote. Mama mdogo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefunga mdomo, sasa aliufunga, na kimya chake ndicho kilichonivunja nguvu. Wakunga hunyamaza pale tu mambo yanapoharibika.

"Baba mdogo," nilisema, na sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyokusudia. "Nimeiua."

Hakushtuka. "Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Kitaa?"

"Kinawaka."

"Sasa umejuaje kwamba imekufa?"

"Kioo hakionyeshi kitu. Cheusi kabisa."

Mdomo wake ukaanza kupinda upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha akacheka, akacheka akapiga meza kwa kiganja, kisosi kikaruka, paka akatimka akapitia dirishani.

"Kioo!" alisema akivuta pumzi. "Mke wangu, umemsikia? Anasema kioo hakionyeshi!"

Mama mdogo alijipiga paji la uso. "Yarabi! Nami nilisahau kabisa!"

Kioo kile kilikuwa kimekufa zamani. Baba mdogo alikikalia siku moja ndani ya gari, miaka kadhaa kabla sijafika, kikalia kru, na tangu hapo hakijawahi kutoa nuru. Fundi alimshauri anunue kingine. "Nikamwambia, bwana, wewe ungemnunulia samaki mwavuli?"

Miezi yote ile niliyoishi nao, nilimwona akiifanyia kazi mashine hiyo kila siku, kifuniko kimeinamishwa nusu juu ya vidole vyake, nikadhani anakiinamisha ili vumbi lisiingie. Mimi, macho ya nyumba, sikuwahi hata mara moja kuona kwamba hakikuwaka.

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, mchanganyiko unaoijaza pua makamasi. Halafu akili ikanirudia. "Lakini sasa tutafanyaje? Kupiga mfumo lazima usome maswali, uchague, ubonyeze. Labda tuiunge kwenye televisheni?"

Mama mdogo alitikisa kichwa kuelekea sebuleni. Televisheni yao ilikuwa na mgongo mnene kama wa mbuni, ya zama ambazo mashine hazikuwa na mazungumzo baina yao. Haikuwa na hata tundu la kuingizia waya.

"Basi haiwezekani," nilisema. "Sioni kitu."

Baba mdogo alisimama, akashika mgongo wa kiti changu.

"Kwa hiyo leo mwenye shida ya macho ni wewe," alisema kwa upole. "Pole sana, mwanangu. Nipishe kiti."

*

Alikaa, akasogeza mashine karibu na kifua, akainamisha kifuniko nusu. Vidole vyake vilitembea juu ya kibodi bila kubonyeza, vikihesabu majirani. Kisha akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja.

Kimya.

"Haifanyi kazi," nilinong'ona.

"Subiri. Mashine ni kama shahidi. Ukimkimbiza, atakudanganya."

Alibonyeza tena. Feni ikapandisha pumzi, na kutoka katika spika ndogo za laptopu ikasikika sauti ya mwanamume, nzito, taratibu, ikisema kwa Kiingereza kama msomaji wa taarifa ya msiba kwamba hapa ndipo mahali pa kuanzia.

Mama mdogo aliruka. "Huyu naye ni nani?"

"Ni msomaji anayekuja na mfumo wenyewe. Kila mashine mpya inazaliwa naye, watu wengi tu hawajui kumwamsha."

"Bi Mdogo kaondoka, sasa kamtuma kaka yake?"

"Amekuja kuuliza dada yake alikufaje," alisema baba mdogo, akabonyeza mahali, na kaka mtu akaanza kusema upesi, upesi zaidi, mpaka sauti ikawa mvua ya mawe juu ya bati. Mimi sikuambulia kitu tena. Nilikaa kando, mikono magotini, nikimwuliza kila dakika, "Anasema nini?" kama mtoto aliyepelekwa kwenye mkutano wa watu wazima.

"Anauliza lugha. Anauliza kibodi. Sasa analeta masharti ya kukubali."

"Hayo ruka tu, baba mdogo. Kila mtu huruka."

Aligeuza uso wake upande wangu, ameudhika kweli. "Mimi ni wakili."

Akayasikiliza yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mahali pengine alitikisa kichwa kama afanyavyo upande wa pili unapotoa hoja, mahali pengine aliguna. Mama mdogo alikwenda kuchemsha chai, akarudi nayo, tukanywa. Mwishowe baba mdogo alijinyoosha. "Hoja dhaifu," alitangaza. "Tunakubali, lakini tumeweka pingamizi." Akabonyeza.

Kisha vidole vikasita. Mashine ilikuwa imemtajia diski mbili, ikataka achague aifanyie kazi ipi. Mojawapo ilikuwa ile mpya. Nyingine ilikuwa flashi yenyewe, na tukiikosea hiyo tungebaki na diski tupu mkono mmoja na flashi tupu mkono wa pili, na fundi bado anacheza ngoma harusini.

"Diski yetu ina ukubwa gani?" aliuliza.

Nilikimbilia pipani, nikalitoa boksi, nikamsomea tarakimu. Akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili, akarudi ya kwanza.

"Ni hii. Una uhakika na boksi?"

"Nina uhakika."

Akabonyeza. Mashine ikaanza kunakili mafaili yake, na kila baada ya kitambo kaka mtu alitaja asilimia kama mzee anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini.

Tangu siku ile nimefunga na kufungua mashine nyingi. Kazi yangu leo ni kuzijaribu programu kabla hazijapelekwa kwa watu, na wenzangu ofisini wananiona nina kichaa cha aina fulani, maana kabla sijaipitisha yoyote huwa nazima kioo kwanza, nakaa gizani, nasikiliza inasema nini. Nyingi hazisemi kitu. Nazirudisha kwa waliozitengeneza, nao hukasirika. Wanadhani nilifundishwa jambo hili chuoni.

*

Ilikuwa katika kusubiri kule, mama mdogo akiwa ameenda kumbembeleza paka arudi, ndipo baba mdogo aliponiuliza, bila kugeuka, "Chuo chenu kinafungua lini?"

Chai ilinipalia. "Nani alikwambia?"

"Mama yako. Zamani. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

"Nimeahirisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Nilitafuta namna ya kulisema bila kumwumiza, nikakosa. "Nani atakusomea? Nani atakushika mkono?"

Asilimia nyingine ikatajwa. Baba mdogo alivuta kikombe chake, akakikuta mahali hasa alipokiacha, akanywa.

"Unajua kwa nini nilikuomba kwa mama yako?"

"Uwe na macho."

"Nani alisema hivyo?"

"Bibi. Shangazi. Kila mtu."

"Kila mtu," alisema. "Na huyo kila mtu, aliniuliza mimi?" Aliweka kikombe. "Watoto wetu walipoondoka, nyumba hii ilipoa. Mama yako mdogo akawa anarudi kazini anakuta mtu mmoja amevaa hedifoni. Akawa anagombana na paka. Nikasema, tumwite yule binti wa kaka mwenye kelele, yule anayefungua redio za watu. Ndiyo sababu. Sikuwa natafuta fimbo, fimbo ninayo."

Nilihisi uso ukiwaka. Sikujua kama ni aibu au hasira. Nilikuwa nimebeba kitu kizito kwa miezi mingi, kwa fahari, kichwani, na sasa mwenye mzigo ananiambia hakuwa amenitwisha.

"Kwa hiyo miezi yote hii sikuwa na kazi?"

"Magazeti yako nayapenda," alisema upesi. "Bi Mdogo hakuwahi kumwigiza waziri hata mmoja. Na ukinishika mkono sokoni, wauzaji wanatupunguzia bei kwa kukuonea huruma wewe." Akatabasamu, kisha tabasamu likatulia. "Lakini kazi, mwanangu, ile uliyokuwa unaifanya asubuhi hii na bisibisi, ukimpigia kelele mkunga mzima akupishe mwanga... hiyo ndiyo kazi. Ni yako. Usinisingizie mimi."

Nilifungua mdomo, lakini mashine ilinikata kauli. Ilizima. Feni ikashuka, ikapanda tena. Baba mdogo akabonyeza vile vitufe vitatu, akainama kusikiliza, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona uso wake ukiporomoka.

"Anauliza lugha," alisema.

"Si alishauliza?"

"Anauliza tena. Tumerudi mwanzo." Mikono yake ililegea juu ya kibodi. "Pengine diski imeyakataa mafaili. Pengine mwenzangu huyu wa ofisini..." Hakumalizia, lakini nililisikia lile neno likipita mezani: wataelewa.

Nikafumba macho. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa hayakuwa na msaada wowote. Nikaifuata mashine kichwani hatua kwa hatua kama alivyotufundisha mwalimu wa fizikia: imezima, imewaka, ikatafuta pa kuanzia, ikakuta... Nikayafumbua.

"Flashi!" nilipiga kelele. "Baba mdogo, haijarudi mwanzo! Imeikuta flashi pale pale ubavuni ikadhani ndiyo tunaanza. Kazi imekwisha kufanyika, imo ndani ya diski. Zima!"

Akazima. Nikaing'oa flashi kama jino. Akawasha. Tulisubiri bega kwa bega, vichwa vimegusana, tukiisikiliza feni. Mama mdogo alikuwa amerudi, amemkumbatia paka, amesimama mlangoni haulizi kitu.

Vitufe vitatu.

Kaka mtu akazungumza, taratibu tena, kwa kuwa alikuwa amesahau kwamba tuna haraka. Na hata mimi nilimwelewa. Alisema tungoje kidogo, kila kitu kinawekwa tayari.

Mama mdogo alipiga kigelegele kilichomtimua paka kwa mara ya pili siku ile.

*

Baba mdogo aliandika hoja zake upya Jumamosi hiyo mchana na Jumapili yote, kwa kichwa. Alisema zile za mwanzo zilikuwa ndefu mno, kwamba diski ilikufa kwa kuzibeba. Jumatatu sikumshika mkono. Nilikaa benchi la nyuma mahakamani, karibu na muuza maua aliyevaa gauni lake zuri na kusugua viganja, nikamtazama baba mdogo akisimama, joho limemkaa sawasawa, kidevu juu, akimweleza hakimu kwamba mtu anayetoka kumwona mgonjwa wake, na yule anayekwenda kumwona, hawajawahi kulalamika kwamba maua yanaziba njia. Wakili mwenzake wa ofisini alikuwa amekuja pia, kwa tahadhari. Alikaa mstari wa mbele na hakuhitajika.

Uamuzi ulitoka baadaye, mimi nikiwa mbali. Mama mdogo alinipigia simu kunieleza, akianzia katikati kama kawaida yake, ikabidi nimrudishe. Muuza maua amerudi langoni, hatua chache tu kutoka pale pake pa zamani, upande wenye kivuli, na kwa mdomo wake mwenyewe alisema hapa ni pazuri zaidi.

Mimi niliondoka wiki iliyofuata ile Jumatatu. Chuo kilikuwa tayari kimefungua, lakini walinipokea. Mama mdogo alikuwa zamu, mtoto wa mtu alikuwa njiani kuja duniani, kwa hiyo tuliagana alfajiri jikoni, akanipa nasaha zote alizokuwa nazo na nyingine alizozitunga palepale. Baba mdogo ndiye aliyenisindikiza. Alibeba sanduku langu mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, na mimi nikatembea kando yake mikono mitupu, nikijizuia kutaja mashimo. Yalikuwapo manne. Aliyapita yote.

Stendi alinikabidhi sanduku, akaniwekea kiganja kichwani kwa muda mfupi tu, kama anayepima kimo changu. "Haya," alisema. "Ukifika, piga simu. Usimpigie bibi kwanza, tafadhali. Nipe mimi siku moja ya amani."

Nikapanda. Kupitia dirishani nilimtazama akirudi, fimbo ikigusa ukingo wa njia huku na huku, akisimama kumpisha mwanamke mwenye mkokoteni, akimwambia jambo lililomchekesha. Alifika kona, akapinda bila kusita, akapotea.

Basi likang'oa nanga. Nyumba zilianza kupita, kisha maduka nisiyoyajua, kisha barabara pana ambayo sikuwahi kuiona. Nilijiweka sawa, mimi niliyezoea kuwatangazia wenzangu njia, nikamgeukia abiria wa kiti cha pili.

"Samahani, shangazi," nilimwuliza. "Basi hili linapita wapi?"